Kihispania Chetu Kina "Muy" Moja Tu

Msikilize mwanachuo yeyote anayetoka kwenye chumba cha mtihani. Hakwambii kwamba mtihani ulikuwa mgumu sana halafu akanyamaza. Atakwambia ulikuwa mgumu kinoma. Mwenzake ataongeza kwamba swali la tatu lilikuwa gumu kishenzi. Wa tatu, ambaye ameshaanza kuinusa sapu, atasema yeye kapigwa vya kutosha. "Sana" tumeziachia barua za kuomba kazi na hotuba za mahafali.

Sasa wachukue watu haohao uwaingize kwenye darasa la Kihispania. Ghafla kila kitu kinakuwa muy. La casa es muy grande. El examen es muy difícil. La comida es muy buena, mi hermana es muy buena, el profesor es muy bueno hata siku ambayo hakutokea. Mihula mitatu inapita, watu wanajua kunyambua vitenzi vinavyokataa kanuni, wanajua kutofautisha nyakati mbili zilizopita, lakini ukifika kwenye kusema jambo kwa nguvu, hazina yetu yote ni neno lenye silabi moja.

Sidhani kwamba sisi ni wavivu, na Kihispania hakika si lugha maskini. Tatizo ni njia tunayopitishwa. Tunafundishwa Kihispania kupitia Kiingereza, tena si Kiingereza chote, bali kile cha darasani chenye "very", "so" na "too". Waingereza wenyewe wana maneno yao mengi ya kukoleza, sikatai, ila sisi wengi hatukukua nayo. Tulichokua nacho ni Kiswahili, na hicho kinaachwa mlangoni mwa darasa kama viatu mlangoni mwa msikiti. Halafu tunashangaa kwa nini tunatembea kwa kunyata.

Kuna watakaosema hili ni jambo dogo, kielezi ni kielezi tu, mradi umeeleweka. Mchukue mwenzetu anayetaka kuongoza watalii, na darasani kwetu hao si wachache. Amewapakia wageni wanne kutoka Hispania, wako Serengeti. El elefante es muy grande. La jirafa es muy alta. El león está muy cerca. Hakuna kosa hata moja la sarufi hapo. Lakini baada ya saa moja wageni wamechoka kumsikiliza, kwa sababu sikio likipewa kipimo kilekile kwa tembo, kwa twiga na kwa simba, linaacha kupima. Twiga ni altísima. Simba aliye hatua kumi kutoka kwenye gari yuko cerquísima, au ukitaka kuwatania kidogo, cerquita, hapo hapo ubavuni. Nyumbu wakianza kuvuka mto ni un montón de ñus, rundo zima la nyumbu. Tembo ni enorme, na hapo muy haitakiwi, maana enorme imeshajaa. Kuiongezea muy ni kumimina maji kwenye ndoo inayomwagika.

Akiwapeleka Kilimanjaro, ambako "polepole" ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya Kiswahili mgeni kufundishwa, Kihispania kina ndugu yake: despacito. Dunia iliimba neno hilo mwaka 2017, Luis Fonsi na Daddy Yankee wa Puerto Rico walipotoa wimbo wao, na wengi wetu tuliliimba bila kujua kwamba ni kielezi despacio kilichovishwa kiambishi cha udogo. Udogo huo haupunguzi kitu. Unakoleza: si taratibu tu, ni taratibu hasa. Sisi tunarudia neno, polepole, mapema mapema, asubuhi asubuhi. Wao wanalifanya dogo, despacito, tempranito, cerquita. Kazi ni ileile, na mwanafunzi aliyeonyeshwa hivyo mara moja hasahau.

Kabla sijaendelea, niseme pale ambapo Kiswahili kinatuponza, nisije nikaonekana nakipigia debe tu. "Sana" yetu haichagui. Mzuri sana, anakimbia sana, watu wengi sana, haraka sana: neno moja, mahali pamoja, nyuma. Kihispania kinaigawa kazi hiyo. Muy inakaa mbele ya kivumishi au kielezi kingine: muy bonito, muy rápido. Mucho inakaa nyuma ya kitenzi: trabaja mucho. Ikikaa mbele ya nomino inavaa jinsia na idadi ya nomino, kama vivumishi vyetu vinavyovaa ngeli: mucha gente, muchos libros, muchas gracias. Ndiyo maana anayewaza "anafanya kazi sana" anaandika trabaja muy, na anayewaza "nimechoka sana" anaandika estoy mucho cansado. Hapa Kiingereza kinasaidia kweli, kwa sababu nacho kinatenganisha "very" na "much".

Lakini hata hapa hatuko mikono mitupu. Ukiulizwa "umechoka?" unajibu "sana", neno moja, limesimama lenyewe. Kwa Kihispania ukijibu muy utakuwa umeanza sentensi ukaikimbia. Jibu ni mucho. Yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kilatini, multum. Muy ndiyo iliyokatwa mkia, na haisimami bila kuegemea kitu. Anayetaka kukumbuka kwamba mucho hufuata kitenzi, aukumbuke wimbo maarufu wa Mmexico Consuelo Velázquez, Bésame mucho, yaani nibusu sana. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mpenzi wake bésame muy. Na kuna kona moja inayowakata watu alama kila muhula: kwenye kulinganisha, muy hukaa pembeni hata kama mbele kuna kivumishi. Ni mucho mejor, ni mucho más caro. Muy mejor haipo.

Hiyo ndiyo kona mbaya. Ukishaipita, Kiswahili kinakubeba.

Anza na -ísimo. Vitabu vinaiita daraja la juu kabisa la kivumishi, jina linaloogopesha bila sababu. Sisi tukitaka kusema mahali ni mbali mno, tunasema "mbaaali", tunaivuta irabu mpaka mtu aone safari yenyewe. Kihispania nacho kinavuta, ila kimeweka mahali pa kuvutia: ile í yenye alama juu. Lejos ni mbali. Lejísimos ni mbaaali. Bueno inakuwa buenísimo. Rico inakuwa riquísimo, herufi zikibadilika ili sauti ya k ibaki palepale, na largo inakuwa larguísimo kwa sababu hiyohiyo. Yapo yanayojigeuza njiani, kama joven kuwa jovencísimo, amable kuwa amabilísimo na antiguo kuwa antiquísimo, haya kariri tu, hakuna njia ya mkato. Mucho yenyewe inakuwa muchísimo. Na kama vile mtu aliyekwisha kusema "mbaaali" hahitaji kuongeza kitu, neno lenye -ísimo halipokei muy. Muy buenísimo ni kuvaa kofia mbili.

Wapenzi wa mpira mnamjua pia binamu yake, -azo, ingawa huyu anakaa zaidi kwenye nomino. Gol ni goli. Golazo ni goli kali. Hilo tumelijua kabla hata hatujajiandikisha kwenye kozi, na hakuna aliyelifasiri kuwa "very good goal" ili alielewe.

Sasa nifike mahali panaponifurahisha kuliko pote. Kila lugha inapotaka nguvu inaenda kukopa mahali. Kiswahili cha mtaani kimekopa wapi? Tumekopa kwenye wazimu: kichizi, kutoka chizi. Tumekopa kwenye ushenzi: kishenzi. Tumekopa kwenye kifo: kufa mtu. Tumekopa kwenye hofu: shoo ilikuwa hatari. Tumekopa hata kwenye ubaya, mpaka msichana aliyetoka amependeza tunasema kapendeza vibaya, naye anashukuru.

Mhispania amekopa wapi? Akimpenda mtu kichizi, anampenda con locura, na locura ni wazimu. Simu ikiwa ghali kishenzi, cuesta una barbaridad, na barbaridad inatoka kwenye bárbaro, yaani mshenzi. Tumecheka kufa mtu: nos morimos de risa, tulikufa kwa kicheko. Njaa nayo inaua, me muero de hambre, na mwenye usingizi mzito yuko muerto de sueño. Watu wa Hispania wakiwa na usiku mtamu wanasema lo pasamos de miedo, na miedo ni hofu, ile "hatari" yetu. Hata kile kichekesho cha kupendeza vibaya wanacho: terriblemente atractivo.

Hakuna aliyemwigizia mwenzake. Hakuna Mhispania aliyekuja Manzese kuazima kishenzi, wala hakuna kijana wa Temeke aliyetia nanga Sevilla. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimekwenda kwenye makaburi yaleyale na wazimu uleule kuchota nguvu. Mimi naona hili ni jambo la ajabu kubwa, na lingetosha kuamsha darasa la saa mbili asubuhi. Badala yake tunapewa orodha ya alfabeti yenye safu mbili, Kihispania kushoto na Kiingereza kulia, na pale kwenye con locura pameandikwa tafsiri ambayo wenyewe hatuitumii tukiongea.

Ukielewa kwamba maneno haya ni ya kukopa, unaelewa pia kwa nini hayaishi kuongezeka. Neno la kukoleza huchakaa. Likitumiwa na kila mtu kwa kila kitu, linabaki ganda. "Sana" ilichakaa midomoni mwetu, zikaja kinoma na ile mbaya, nazo zitachakaa, na wadogo zetu watakuja na zao ambazo hatutazielewa. Muy nayo imechakaa hivyohivyo. Kijana wa Madrid anasema mazo, wa Buenos Aires anatanguliza re, re lindo, me re gusta, na súper imesambaa kila mahali. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye muy peke yake anaeleweka, lakini anazungumza kama mtoto wa miaka sita aliyefungiwa na bibi yake.

Kuna kundi jingine ambalo Kiswahili kimetuandaa nalo vizuri kuliko tunavyojua, nalo ni la maneno yanayooana. Tulifundishwa sekondari tanakali za sauti: nyeupe pe, nyeusi tii, giza totoro, kujaa pomoni, kulala fofofo. Tunajua pia kwamba mtu hukataa katakata. Hakuna mwalimu aliyetupa kanuni ya kutuzuia kusema nyeusi pe, au kulala katakata. Hatusemi tu. Kila kikolezo kina mwenza wake, na ukimpa mwenza mwingine hata mtoto atakucheka.

Kihispania kimejaa ndoa za namna hii. Anayekataa katakata, se niega rotundamente. Kilichopigwa marufuku kabisa ni terminantemente prohibido, maneno utakayoyakuta kwenye mabango. Aliyelala fofofo yuko profundamente dormido, au kwa lugha ya nyumbani duerme como un tronco, analala kama gogo. Mvua kubwa inanyesha a cántaros, kwa mitungi. Chizi asiyetibika ni loco de remate. Na yule ambaye kwetu "kafa kaoza" kwa mapenzi, kwao yuko perdidamente enamorado, amependa mpaka kapotea. Huwezi kuzibadilisha wake na waume. Perdidamente cansado ni kituko, sawa na kusema umechoka fofofo.

Vitabu vyetu vinafanya nini na utajiri huu? Vinaukata. Vinaviweka vielezi vyote vyenye mwisho wa -mente kwenye ukurasa mmoja, bila wenza wao, tukariri. Ni kama kumfundisha mgeni neno "fofofo" halafu umsahaulishe kulala. Sarufi ya -mente yenyewe ni ya dakika tano: mente ilikuwa nomino ya Kilatini yenye maana ya akili, ni ya jinsia ya kike, ndiyo maana kivumishi kinachoitangulia huvaa umbo la kike, rotunda-mente, absoluta-mente, alama ya mkazo ya kivumishi inabaki ilipokuwa, fácil, fácilmente, na vikifuatana viwili, cha kwanza kinaacha mkia, clara y rápidamente. Basi. Muda uliobaki ungetumika kwenye ndoa.

Mfano mwingine ni "mno". Hili neno letu lina nyuso mbili. "Ni mzuri mno" ni sifa. "Umeweka chumvi mno" ni lawama. Tunajua ni lipi kati ya hayo kwa kumtazama msemaji na chakula. Kihispania kina demasiado, na darasani tunafundishwa kwamba maana yake ni moja tu: kupita kiasi, kosa, punguza. Kwenye maandishi rasmi ni kweli, na kwenye mtihani ni salama. Lakini katika nchi kadhaa za Amerika ya Kusini vijana wanasema me gusta demasiado kwa maana ya kupenda sana, bila lawama yoyote. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza atadhani mtu huyo analalamika. Aliyepitia "mno" hatashtuka.

Bastante nayo. Inatoka kwenye bastar, kutosha, na watu wanaifasiri "inatosha" wakaishia hapo. Ukimwambia Mhispania kwamba mtihani ulikuwa bastante difícil hajasikia kwamba ugumu ulitosha. Amesikia ulikuwa mgumu kweli, ila umeusema kwa upole. Nani asiyeelewa hilo baada ya kusikia "kapigwa vya kutosha"?

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii badala ya kusoma kwa ajili ya test ya Jumatatu. Muhula uliopita, kwenye mtihani wa mazungumzo, mwenzetu mmoja aliulizwa anajisikiaje. Akajibu: estoy bien cansado. Alikatwa alama, na pembeni mwa fomu yake likaandikwa neno moja: muy. Alipouliza, mhadhiri akamweleza kwamba bien ni "vizuri", na mtu hachoki vizuri.

Kwanza, mtu anachoka kisawasawa. Tunasema kila siku kwamba mtu kapigwa kisawasawa au kalala barabara, na wala hatusifu kipigo. Neno la "sawa" au "vizuri" kugeuka kuwa neno la nguvu ni jambo la kawaida kabisa, na bien imepita njia hiyohiyo. Pili, Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi ndivyo wanavyosema: bien cansado, bien caro, bien lejos. Mexico peke yake ina watu zaidi ya milioni 120, ndiyo nchi yenye wasemaji wengi wa Kihispania kuliko zote duniani. Hispania haifiki hata nusu ya idadi hiyo. Mwenzetu aliitoa bien yake kwenye tamthilia za Kimexico anazoziangalia usiku na manukuu, kazi ya ziada ambayo hakuna aliyempa. Akaadhibiwa kwa kujua zaidi ya kitabu.

Nimwelewe mhadhiri vilevile, kwa sababu hoja yake si ya kipuuzi. Anasema mtihani unahitaji kipimo kimoja, la sivyo kila mtu atakuja na chake. Na ni kweli kwamba mwanafunzi anayechanganya re ya Argentina, mazo ya Madrid na harto ya Chile kwenye sentensi moja anasikika kama mgeni aliyejifunza Kiswahili cha Unguja, Lubumbashi na Eastleigh kwa wiki moja kila mahali. Kuna pia vikolezo vya Kihispania vichafu, wanavyovitumia hata watu waungwana wakiwa na marafiki, ambavyo ukivitoa mbele ya bibi wa mtu utafukuzwa mezani. Kishenzi yetu nayo ina mipaka yake. Hutamwandikia Makamu Mkuu wa Chuo kwamba unashukuru kishenzi kwa kupata bumu. Ukiandika barua kwa ubalozi kuomba nafasi ya mafunzo, utasema uko sumamente agradecido na kwamba jambo fulani ni sumamente importante, utafunga barua, na con locura utaiacha bwenini.

Lakini kipimo kimoja hakina maana ya nchi moja. Real Academia Española, chuo cha lugha kilichoanzishwa Madrid mwaka 1713, ndicho watu wanachokitaja wanapotaka kufunga mjadala. Sarufi yake kubwa ya mwaka 2009 haikuandikwa na Madrid peke yake. Iliandaliwa pamoja na vyuo vya lugha vya nchi za Amerika na cha Ufilipino. Mwaka 2016 umoja wa vyuo hivyo ukapokea chuo cha Guinea ya Ikweta, nchi ya bara letu ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi na ambayo kwenye kozi yetu sijawahi kuisikia ikitajwa hata mara moja. Ikiwa wenye lugha wameshakubali kwamba inatawaliwa kwa pamoja, sisi tunaoisomea pembezoni mwa Bahari ya Hindi tunalinda ngome ya nani?

Hatari ninayoiona ni hii: mwanafunzi aliyekatwa alama kwa bien hatasema bien tena, na harto hatajaribu, na con locura hatathubutu. Atarudi kwenye muy, kwa sababu muy haijawahi kumfelisha mtu. Tutahitimu tukiwa na Kihispania kisicho na kosa na kisicho na mtu ndani yake. Halafu tutakaa kwenye vimbweta tukisema kwamba lugha hii haina ladha, wakati ladha ilikuwepo tukaambiwa tusiiguse.

Ninayoomba hayahitaji bajeti wala kamati. Kwenye orodha za msamiati wa vikolezo, ile safu ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake paandikwe sentensi nzima ya Kiswahili ambayo mtu wa hapa angeisema kweli, hata kama ina kinoma ndani yake. Wanafunzi waiandike wenyewe, wiki ya kwanza, kwa makundi. Mhadhiri abaki na kazi ya kusema ipi ni ya barua, ipi ni ya mtaa na ipi ni ya kufa nayo moyoni. Na kwenye fomu ya mtihani wa mazungumzo uongezwe mstari mmoja juu kabisa, mtahiniwa aujaze kabla hajafungua mdomo: nazungumza Kihispania cha nchi gani. Mwenzetu wa tamthilia angeandika Mexico, na mhadhiri angempima kwa Mexico.